Nyuma ya Uti wa Mgongo

Mwanamke aliyepatwa na mambo haya tuliishi naye ukuta kwa ukuta. Akikaanga pilipili kwake, sisi ndio tuliopiga chafya. Kwa hiyo sisimulii maneno ya kuokota njiani. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei hospitalini, na mtaa mzima ulimwita Bi Zuia, kwa sababu kila aliyewahi kukohoa kupita kiasi alikuwa ameshasimama mbele ya mashine yake na kupewa amri: vuta pumzi, zuia, haya pumua. Watoto walimvizia akitoka kazini, wakajaza mashavu upepo na kusimama kama nguzo wakingoja awaruhusu. Naye aliwachelewesha makusudi, akijifanya anatafuta funguo ndani ya mkoba. Mdomo wake haukulala, na kicheko chake kilifika mahali kabla yake.

Chumba chake kilikuwa chini, mwisho wa ukumbi, baada ya stoo ya mashuka. Hakikuwa na dirisha. Kuta zilikuwa na tabaka la risasi, ile metali nzito, ndani ya plasta ili mionzi isitoke, na mlango nao ulikuwa na risasi ndani yake, mzito wa kusukumwa kwa bega. Ukiufunga, kelele za nje zilikatika kama redio iliyozimwa. Mgonjwa alisimama upande mmoja, kifua kimegusa ubao wa picha, mgongo umeelekea mashine. Bi Zuia alikaa kwenye kijichumba cha pembeni, nyuma ya kioo kinene, akabonyeza kitufe na kutoa amri kwa kipaza sauti.

Alipenda kueleza kazi yake hata kwa asiyeuliza. "Watu wawili wakipanga foleni," alikuwa akisema, "mwembamba nyuma ya mnene, ukiwatazama kwa mbele utaapa yuko mmoja. Sogea kando kidogo ndio utajua wako wawili." Mwili nao ni hivyo hivyo, alisema. Picha ya mbele inaweza kutoka safi, ya ubavu safi, na mgonjwa bado analia. Hapo unamgeuza nusu, kifua kinakaa mshazari, na kilichojificha nyuma ya moyo au nyuma ya uti wa mgongo kinakosa pa kujificha. Alikuwa na ustadi wa picha hizo za mshazari, na alijivuna nazo kama mtu anavyojivunia watoto wake.

Asubuhi moja alikuja mdogo wake wa mwisho. Huyu naye alikuwa na jina lake la mtaani, Refa, kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha. Alichezesha mechi za shule na za vilabu vidogo, mwanamke mwembamba mwenye mapafu kama mivukuto ya mhunzi. Filimbi yake ilisikika mpaka sokoni. Chama cha marefa kilikuwa kimetaka kila mmoja apimwe afya kabla ya msimu kuanza, na picha ya kifua ilikuwa sehemu ya kipimo.

"Simama wima, mheshimiwa," Bi Zuia alimtania. "Hapa mwenye filimbi ni mimi."

"Ukinizidishia muda nakupa kadi."

Bi Zuia akaingia kwenye kijichumba. Akasema vuta pumzi. Akasema zuia. Akabonyeza, mashine ikaguna, na papo hapo simu yake ikaita. Alikuwa mama yao, analalamika kuwa mtungi wa gesi umekwisha na maharage yako jikoni nusu mabichi. Bi Zuia akaanza kumweleza wapi pa kununua mwingine, na kwa nini si kwa yule wa jana, na maneno ya mama na binti yakavutana kama ilivyo desturi yao. Alipokata simu, alitazama kioo na kumwona mdogo wake bado amesimama, mabega yamepanda, shingo imetoka mishipa.

Hata hakuitamka ile amri ya tatu. Alitoka mbio akamshika mkono, na Refa akashusha pumzi kwa kishindo akaanza kukohoa na kucheka kwa pamoja. Kila mpiga picha wa eksirei duniani ameshasahau siku moja kumwambia mgonjwa apumue. Ni kosa la kikazi, nalo huishia kwenye kicheko kwa sababu mgonjwa mwenyewe hupumua akichoka kungoja. Wao pia walicheka. Lakini Refa alipokuwa anavaa blauzi yake alisema kitu, bila uzito, kama mtu anayezungumzia viatu vinavyobana.

"Dada, mimi nilitaka kupumua mwenyewe. Nikashindwa."

Picha ilitoka safi. Refa akapewa cheti chake na msimu ukaanza.

Mechi ya kwanza alichezesha akahema sana. Ya pili alishika kiuno akiwa katikati ya uwanja. Ya tatu, mchezaji aliangushwa wazi ndani ya eneo la hatari, watu wote wamesimama, Refa akaweka filimbi mdomoni, mashavu yakajaa, na filimbi haikulia. Wakamzomea. Alitoka uwanjani akitembea kwa kushikilia uzio, na wachezaji waliomzoea wakaacha kumtania walipouona uso wake.

"Nimeshikwa," alimwambia dada yake jioni ile. Alikuwa anakaa kwa mama yao, na Bi Zuia alikuwa amekuja kumtazama. "Hapa nyuma, chini ya bega la kulia. Nikivuta hewa inaingia. Kuitoa ndio kuna mtu ananikatalia."

Bi Zuia aliogopa, na aliogopa kwa njia ya mtu wa hospitali, ambayo ni mbaya zaidi kwa kuwa anajua majina ya vitu. Alifikiria maji kwenye mapafu. Alifikiria uvimbe. Alimpeleka kwa daktari wa zamu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, naye akaagiza picha ya mbele na ya ubavu. Bi Zuia alizipiga mwenyewe kwa uangalifu wote: vuta, zuia, pumua, vuta, zuia, pumua. Zilikuwa safi kama za kwenye kitabu. Daktari akaandika dawa za kutuliza wasiwasi na kushauri mapumziko.

Refa alianza kulala ameketi, mito nyuma yake, kwa sababu akilala chali alihisi amelalia vidole. Alikonda. Sentensi zake zikawa fupi, neno moja, kisha kungoja, kisha neno jingine. Mama yao alikaa mlangoni akimhesabia pumzi kimyakimya, akidhani hakuna anayemwona. Na Bi Zuia, aliyezoea kucheka, alijua kitu kimoja tu: mdogo wake alikuwa anakufa taratibu ndani ya kifua kisichokuwa na ugonjwa.

Siku aliyoamua kumgeuza mshazari ilikuwa siku ya kawaida, saa za chakula cha mchana, ukumbi mtupu, harufu ya sabuni ya sakafu. Hakuwa na agizo la daktari. Alimwingiza Refa, akausukuma mlango kwa bega ukafunga, akamsimamisha mbele ya ubao na kumgeuza nusu, bega la kulia nyuma, mkono juu ya kichwa. Mbavu zilikuwa zinahesabika bila mashine.

"Itakuwa haraka," alinong'ona. Hakujua kwa nini ananong'ona.

Vuta. Zuia. Pumua.

Picha ikajitokeza kwenye skrini ya kijichumba. Mbavu zilikuwa zimejikunjua vizuri. Moyo ulikuwa umesogea kando. Uti wa mgongo ulikuwa umebaki peke yake, na nyuma yake, mahali ambapo panapaswa kuwa na hewa tu, palikuwa na mifupa ya mkono. Vidole vinne vilikuwa vimeukumbatia ubavu wa mdogo wake kama mtu anavyoshika kishikio cha ndoo.

Bi Zuia hakupiga kelele. Akili ya kazi ilimjia kwanza, nayo ilimpa maelezo: sahani ya kunasia picha haikufutwa, kuna mgonjwa wa asubuhi aliyepigwa mkono, picha mbili zimepandana. Hutokea. Alichukua sahani nyingine, akaifuta mara mbili. Akamgeuza Refa upande wa pili, bega la kushoto nyuma.

Vuta. Zuia. Pumua.

Safari hii mkono ulionekana kwa ubavu. Ulikuwa na kiganja, na kiganja kilikuwa na kifundo, na kifundo kilikuwa na mifupa miwili ya mkono inayokwenda nyuma mpaka nje ya picha. Vidole vilikuwa vimehama ubavu mmoja juu.

"Dada," Refa alisema bila kugeuka. "Umeona nini?"

"Sahani ni mbovu."

"Unadanganya. Sauti yako."

Akajaribu pembe kali zaidi, karibu kumgeuza ubavu mzima lakini si mzima. Alipomsogeza, ngozi ya mgongo wa Refa ilikuwa baridi mahali pamoja tu, upana wa kiganja. Alirudi nyuma ya kioo. Akatoa amri zake tatu kwa ukamilifu, kama anayekariri. Akatazama skrini.

Refa alikuwa mshazari, kila mfupa wake umelala kwa pembe aliyowekwa. Nyuma ya bega lake palikuwa na fuvu. Fuvu halikuwa mshazari. Lilikuwa limekaa sawasawa, mashimo mawili ya macho yamelingana, na picha ya namna hiyo hupatikana kwa njia mbili tu: ama kichwa kinatazama ubao, ama kinatazama mashine. Bi Zuia aliinua macho kutoka kwenye skrini. Kwenye chumba alikuwepo Refa peke yake, mkono juu ya kichwa, amemgeuzia mgongo.

Alitoka, akaenda mlangoni, akausukuma. Mlango haukwenda. Akasukuma kwa bega, kisha kwa mgongo mzima, miguu imejikita sakafuni. Akagonga. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kuwa kugonga hakusaidii, kwa sababu risasi inayozuia mionzi inazuia na sauti, na yeye ndiye aliyekuwa akijisifu kwamba humo ndani hata mtaa ukiungua hutasikia. Simu yake, ambayo siku zote ilishika hata humo ndani, sasa haikushika mtandao. Taa nyekundu ya nje ilikuwa inawaka, na mtu wa hospitali akiiona taa ile hupita.

Nyuma yake Refa alikuwa amevuta pumzi. Haikutoka.

"Mdogo wangu."

Refa alitikisa kichwa. Macho yalikuwa yamemtoka. Mabega yalipanda, yakabaki juu. Bi Zuia alimpiga mgongoni, akamkumbatia, akazikamua mbavu kama mtu anayekamua nguo nzito, na kifua kile kilikuwa kigumu kama ngoma. Midomo ilianza kubadilika rangi. Hakuna kitu cha kushika. Hakuna wa kuita. Kulikuwa na kuta nne, ubao, mashine na skrini ikiwaka kijivu kwenye kijichumba.

Akatazama tena fuvu lile.

Taya lilikuwa wazi kidogo. Kichwa kilikuwa kimeinuka kidogo, kidevu mbele. Bi Zuia alikuwa ameliona pozi lile kila siku ya kazi yake, kwa wazee na kwa wachanga, kwa matajiri na kwa wafungwa walioletwa na pingu. Ni pozi la mtu aliyeambiwa azuie na anangoja kuambiwa la pili. Anasikiliza. Anategemea sauti ya nyuma ya kioo.

Hapo akakumbuka. Siku ile ya kipimo alikuwa amesema zuia, simu ikaita, na hakusema pumua. Kuna aliyekuwa ndani ya chumba kile, wa tangu lini hajui, aliyemsikia akatii. Tangu hapo kila zuia aliyotamka ilikuwa na pumua yake, moja kwa moja, zimelipana. Ile ya kwanza tu ndiyo haikupata yake. Kitu kile kilikuwa kinafanya kama kilivyoambiwa, na kilikuwa kinangoja kwa subira kiruhusiwe kuacha, na mdogo wake angekufa mikononi mwa utiifu huo.

Alikimbilia kijichumba. Hakugusa kitufe. Hakusema vuta, hakusema zuia. Aliinamia kipaza sauti.

"Pumua," alisema.

Refa akapumua. Hewa ilimtoka kwa sauti ndefu ya kuchana, akaanguka magoti, akavuta nyingine, akaitoa, akavuta nyingine, analia. Pamoja na pumzi ya Refa, ikiwa nzito na ya polepole kuliko yake, chumba kilisikika kushusha pumzi moja ya mtu aliyeizuia kwa wiki nyingi. Ilikuwa ya uvuguvugu. Ilikitia ukungu kioo kwa upande wa ndani, upande aliokaa Bi Zuia.

Mlango ulifunguka kwa kuguswa.

Refa alipona. Nasema alipona kweli, si kwa maneno ya kufariji. Alirudi uwanjani kabla ya msimu kwisha na siku hiyo tulisikia filimbi tukiwa nyumbani, mama yao akasimama jikoni na mwiko mkononi analia bila aibu. Picha zile za mshazari Bi Zuia alizifuta. Hakumwonyesha daktari. Angesema nini, na nani angempa tena funguo za chumba?

Aliporudi kazini aliamini yamekwisha. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mwenye kikohozi, mcheshi, aliyeuliza kama picha itaonyesha na pesa alizomeza mke wake. Bi Zuia akacheka. Akaingia nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi, baba."

Mzee akavuta. Na nyuma ya sikio la kulia la Bi Zuia, ndani ya kijichumba ambamo hata kiti cha pili hakiingii, mtu akavuta pumzi.

Hakugeuka. Mzee alikuwa amesimama kifua kimejaa, anangoja. Na aliyekuwa nyuma yake alikuwa anangoja. Neno lililofuata lilikuwa kwenye ulimi, lenyewe, kwa mazoea ya miaka, na aliuma ulimi ili lisitoke. Akatoka nje ya kioo, akamwambia mzee mashine imeharibika, njoo kesho. Kisha akaenda chooni akajifungia.

Tangu siku hiyo aliomba apangiwe mikono na miguu tu, magoti na vifundo, picha ambazo hazihitaji mtu azuie chochote. Walimkubalia kwa shingo upande. Lakini kama aliyejificha pale angekuwa wa chumba, angebaki chumbani. Bi Zuia alilijaribu hilo. Alipokuwa likizo, mbali na hospitali, peke yake kwenye korido ya nyumba ya wageni, alinong'ona vuta pumzi. Nyuma yake ikavutwa. Alisema pumua upesi, na ikatoka, na pazia lililokuwa mbele yake likasogea.

Basi alifunga mdomo. Sisi majirani tulidhani ana huzuni ya kawaida. Watoto walimngoja na mashavu yaliyojaa, naye akawapita bila kuwatazama, wakatazamana na kupumua wenyewe. Alizungumza kwa sentensi fupi zilizopimwa, kama mtu anayetembea juu ya vigae vilivyolowa. Mtu aliyefungiwa mlango anaweza kuzoea chumba. Bi Zuia alikuwa amefungwa ndani ya kinywa chake mwenyewe, na kila alipoamka asubuhi alikikuta bado kiko naye.

Kazini alijilinda. Ni nyumbani ambako mtu haulindi ulimi.

Ilikuwa mchana, kwa mama yao. Refa yupo, amenyoosha miguu sebuleni anaeleza mechi. Bi Zuia yuko jikoni anaosha vyombo, maji yanamwagika, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alikuwa anasikiliza na kutabasamu. Mama alicheka sana kwa kitu alichosema Refa, kwikwi ikamshika. Ikamshika vibaya, ya kuruka mabega. Refa akampa maji. Kwikwi ikaendelea. Na kutoka jikoni, juu ya mlio wa maji, mikono ikiwa kwenye povu, sauti ya binti mkubwa ikaja nyepesi, ya mtu asiyejua kuwa amesema.

"Zuia pumzi kidogo, mama, itaondoka."

Kwikwi ikaondoka. Mama akasema ahsante. Wakaendelea na mechi.

Siku chache baadaye mama aliketi akishindwa kumaliza kikombe cha chai. Alisema ni uzee. Bi Zuia alipomwona namna mabega yalivyopanda na kukawia kushuka, kikombe alichoshika yeye ndicho kilichoanguka. Hakukumbuka kusema lolote. Alipekua kumbukumbu zake zote za chumba cha kazi na hazikuwa na kosa. Ile ya jikoni hakuijua, kama mtu asivyojua mara ngapi amesema karibu.

Hakumpeleka hospitali yake. Walikwenda yeye na Refa kwenye kliniki upande wa pili wa mji, kwa mpiga picha mwenzake aliyesoma naye, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya upole ambaye tangu chuoni alimwita Kaka Mnene. Akawaomba wakae nje. Wakakaa kwenye benchi, wameshikana mikono kama wasichana wadogo.

Mlango ukafunguka. Kaka Mnene alikuwa amenuna.

"Dada, wewe unajua taratibu kuliko mimi," alisema. "Niliwaambia mtoke wote. Nani alibaki amemshika mama?"

Akawaingiza akawaonyesha skrini. Ilikuwa picha ya mbele, ya kawaida, iliyonyooka. Haikuwa mshazari. Wala haikuhitaji kuwa. Aliyemshika mama hakujisumbua tena kujificha nyuma ya uti wa mgongo. Vidole vilikuwa wazi pande zote mbili za kifua, vinne kulia na vinne kushoto, vimezikumbatia mbavu.

Refa ndiye aliyesema, polepole, uso umemkauka. "Dada. Siku ile ya kwikwi. Ulimwambia nini mama?"

Bi Zuia alikumbuka povu la sabuni. Alikumbuka sauti yake.

Alikwenda kwa mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, mkono kifuani, akimtazama kwa macho ya mtu anayetaka kusema usijali na hana hewa ya kusemea. Bi Zuia akapiga magoti mbele yake.

"Pumua," alisema.

Pumzi ikashuka. Wote wanne waliisikia ya mama, na wote wanne waliisikia ile nyingine, nzito, ikipita juu ya vichwa vyao. Kaka Mnene akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Refa alikuwa anamkumbatia mama na kumbusu nywele. Ni Bi Zuia tu aliyekuwa bado anatazama, kwa sababu mama alikuwa ameanza kupumua lakini alikuwa anaegemea upande, kama mashua iliyopakiwa vibaya.

Akamfungua vifungo vya juu vya gauni. Upande wa kulia wa kifua ulipanda na kushuka. Wa kushoto ulibaki juu.

"Pumua," alisema tena. "Pumua, mama. Pumua."

Upande wa kulia ukatii kila alipousemesha. Akageuka kuitazama skrini, na hapo akaona alichopaswa kukiona mwanzoni, kama hofu isingemziba macho. Kwenye mkono wa upande wa kulia, kidole gumba kilielekea juu. Kwenye mkono wa upande wa kushoto, vidole vikiwa vimekunjika vilevile kwa kukumbatia, gumba kilielekea chini. Hakuna mtu anayeweza kumshika mwenzake hivyo kwa mikono yake miwili. Ilikuwa mikono ya kulia, yote miwili.

Mmoja ulikuwa umeisikia sauti yake. Wa pili haukuwa wa kumsikiliza yeye. Kaka Mnene alijaribu, kwa kipaza sauti na bila kipaza sauti. Refa alijaribu, na daktari wa pale, na muuguzi, na baadaye ndugu na majirani, mmoja mmoja, wameinama sikioni mwa bibi yule kusema neno moja, mimi mwenyewe nikiwemo. Yeyote aliyeuamuru mkono ule uzuie, hajaja bado kusema la pili.

Mama yao yu hai. Anapika, anagombana na muuza gesi, anacheka kwa uangalifu. Ukipita kwake hatakuambia lolote, na hutaona kitu mpaka akae ameelekea mwanga wa mlangoni. Hapo utaona upande mmoja wa kanga ukipanda na kushuka, na upande wa pili umetulia tuli, umejaa, unangoja.